Uso Uliopakwa Juu ya Chokaa

Jirani yangu anapaka rangi milango yake wiki hii. Fundi amekaa barazani na kopo lake tangu asubuhi, na harufu ya mafuta ya kitani imepanda ngazi za nyumba yangu bila kupiga hodi, ikanikuta nimejilaza. Sikuomba kukumbuka kitu. Kwa umri huu nilionao mtu hulala mchana kwa kuwa usiku haulaliki, na kukumbuka ni kazi, nami kazi nimekwisha kuziacha. Lakini harufu haina adabu. Niliivuta mara moja tu, nikajiona niko mtaa wa Kuze, chumba cha juu, wakati wa Vita vya Pili, mwaka aliokufa baba, na mbele yangu sakafuni kimetandikwa kipande cha turubai.

Baba alikuwa mshonaji wa turubai. Siku zile jeshi lilikuwa limejaa Mombasa, na kila lori lilitaka kifuniko, kwa hiyo yeye na wenzake walishona tangu alfajiri hadi taa zinapozimwa kwa amri. Alirudi nyumbani vidole vimevimba, na kwapani amebana vipande vilivyobaki, vile vyeupe ambavyo havijatiwa dawa ya kuzuia maji. Mama alivifanya vifuko vya unga. Kisha homa ikamshika baba, ikamchukua upesi hata lori aliloanza kulishonea alilimaliza mwenzake. Nilikuwa na miaka tisa, au labda kumi. Kwetu mambo hayo hayakuandikwa.

Baada ya maziko mama aliingia eda. Nyinyi wa siku hizi mnajua eda ya kukaa sebuleni na simu mkononi. Eda ya wakati ule ilikuwa chumba. Mama alivalishwa nguo nyeupe, wanja ukaondolewa, asumini zikakatazwa, kioo kikageuzwa uso ukutani, na dirisha lake lilikuwa lile dogo lililoangalia kitala, ua mdogo wa ndani, ambako hakuna cha kutazama ila ukuta wa jirani na paka wake. Miezi minne na ushei. Jirani zetu walileta chakula kwa zamu, na mimi, mtoto wa pekee, nilikuwa mtu wa kupanda na kushuka ngazi.

Aliyesimamia eda ile alikuwa Shangazi Fatma, dada mkubwa wa baba, aliyekaa Mwembe Tayari. Kila Ijumaa alikuja, akalala kwetu, akaondoka kesho yake. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa amempoteza ndugu yake wa tumbo moja, na kila mtu hushika alichokipata ili asianguke. Yeye alishika sheria. Na sheria yake kubwa ilikuwa kwamba marehemu asitajwe. Alisema kumlilia maiti kwa kumhesabia sifa zake kunamtesa kaburini, na mke ampendaye mumewe hamtesi. Basi mama akafumba mdomo. Nyumba nzima ikafumba mdomo. Kama jina la baba lilimtoka mtu kwa bahati mbaya, shangazi alikohoa.

Kufumba mdomo kukamzidi mama. Alianza kwa kutomtaja baba, akaishia kutotaja kitu chochote. Hakuagiza, hakuuliza, hakunigombeza. Chakula alikigusa kwa vidole vitatu kisha akakisogeza upande wangu. Usiku nilimsikia akipumua, na nilibaki macho nikisikiliza pumzi ile isije ikakatika. Niliogopa kwamba mama atamfuata baba. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani nikilitamka litakuwa.

Sasa nifike kwenye rangi. Karibu na nyumba yetu palikuwa na duka la Bwana Taibali, aliyeuza misumari, vioo vya taa, kamba, na rangi za nyumba. Baba alikuwa mteja wake wa uzi na mafuta ya kitani. Nilipokwenda siku moja kununua utambi, Bwana Taibali alinitazama kwa muda, akaingia nyuma ya duka, akarudi na kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na rangi za mafuta katika vibomba vidogo vya madini ya risasi, chupa ya tapentaini na ya mafuta ya kitani. Memsahibu mmoja alikuwa ameviagiza kabla ya vita, akaenda kwao asirudi. Bwana Taibali aliniambia nikipeleke nyumbani nikachezee, tena nimsalimie mama na kumpa pole. Brashi zake zilikuwa zimeliwa na nondo, zikabaki vijiti.

Sikuwahi kumwona mtu akichora picha kwa rangi maishani mwangu. Nilichojua ni kwamba memsahibu hupaka juu ya kitambaa, na kitambaa tulikuwa nacho. Nikatandaza kipande cha turubai sakafuni karibu na mkeka wa mama, maana sikupenda kumwacha peke yake. Pembe moja nikailazia mchi, ya pili mbuzi ya kukunia nazi, na mbili zilizobaki viatu vya baba vya mti. Brashi nikaifanya mwenyewe: nilitafuna mswaki wa mti mpaka ncha yake ikawa nyuzi laini. Nawahakikishia hadi leo kwamba mswaki uliotafunwa vizuri haushindwi na brashi yoyote ya dukani, ila tu mdomo huwaka siku nzima.

Nilianza na birika, kwa kuwa birika hutulia. Nikapaka, nikajiona fundi. Baada ya muda nikaona duara la manjano limezunguka birika langu, likipanuka polepole. Turubai ilikuwa ikinywa mafuta. Rangi ikabaki juu imekauka ovyo, na mafuta yakatokea upande wa pili yakachora birika jingine sakafuni, zuri kuliko la kwanza. Nikalia. Nilikuwa na mengi ya kulilia, na birika lilinipa ruhusa.

Ndipo mama aliposema. Alikuwa hajasema neno tangu Ijumaa iliyopita, na sauti yake ilitoka imekwaruza.

"Paka chokaa kwanza."

Mama alikuwa binti wa fundi chokaa. Babu yangu alichoma mawe ya matumbawe, akapaka nusu ya nyumba za mitaa yetu, na kwa mama kila kitu duniani kilichotaka kupakwa kilianza na chokaa. Sikujiuliza zaidi. Nilishuka uani nikateka chokaa katika mtungi uliovunjika shingo, ile iliyobaki baada ya kupaka kuta kabla ya Ramadhani, nikaipaka juu ya turubai kwa brashi ya makumbi, matabaka mawili. Ilipokauka ikawa nyeupe inayoumiza macho. Rangi ilikaa juu yake vizuri, haikutanda tena. Nikachora birika la pili, kisha paka wa jirani, aliyetokea kama mto wa usufi wenye mkia, kisha birika la tatu.

Ijumaa shangazi akaja, akasimama mlangoni akanusa. Alitaka kujua manukato gani yanaingizwa kwa mtu wa eda. Nilimwonyesha chupa ya tapentaini. Birika halikumkera, alisema kazi mbi si mchezo mwema, afadhali nikae ndani nikichafua kitambaa kuliko kuzurura vichochoroni. Lakini harufu ilimtia wasiwasi, hata akaenda na chupa yenyewe kwa maalimu kuuliza. Maalimu, nilivyosikia, alifungua kizibo, akapiga chafya, akasema mwanamke atakayejitia kitu kile hata mwenye kumposa atakimbia, kwa hiyo hakioni kikivunja eda. Shangazi alirudi akiwa amenuna kidogo. Rangi zikaruhusiwa.

Ruhusa ilikuwa ya mabirika. Lakini mimi jambo lilikuwa limeanza kunisumbua. Asubuhi moja niliamka nikijaribu kumwona baba, nikaona mikono yake, nikaona kofia, na katikati ya kofia na kanzu hapakuwa na kitu. Hatukuwa na picha yake hata moja. Nilipata hofu ambayo siwezi kuieleza. Nikasubiri mama asinzie, nikampa mgongo, nikaanza kumpaka baba juu ya chokaa.

Uso ni kitu kigumu. Nilichanganya nyekundu na manjano na nyeupe nikitafuta ngozi, nikapata tope, nikaongeza nyeupe, nikapata chai ya maziwa. Macho niliyaweka juu mno, yakakaribia kofia. Pua niliichora imenyooka, nikijua pua zote zimenyooka. Nilikuwa nimejikunyata nikipambana na sikio niliposikia mkeka ukilia nyuma yangu. Mama alikuwa ameketi, anatazama juu ya bega langu. Nikaziba turubai kwa kanga yangu. Akaiondoa kanga.

Nikaanza kuomba msamaha.

"Hiyo si pua yake," akasema. "Pua yake ilipindika hapa, mkono wa kushoto. Mlango wa chuo cha Kurani ulimpiga alipokuwa mdogo, akikimbilia kutoka kabla hajaitwa kusoma."

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Nikaifuta pua kwa tapentaini, nikaipinda. Mama akasema nimeipinda kama kiwiko. Nikapunguza. Akasema baba hakuwa mweupe hivyo, kwani aliyeolewa naye ni nani, mimi au yeye? Na jicho lake la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto, na lilizidi kuwa dogo akisema uongo, ndiyo sababu hakuweza kumdanganya mtu hata kwa bei ya samaki. Nikapunguza jicho. Alipofika kwenye kicheko alicheka yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo iliyomshtua, akaangalia mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ilikuwa Jumatatu na shangazi alikuwa Mwembe Tayari.

Jioni ile mama alikula. Si kwa vidole vitatu.

Wiki nzima tulikuwa na kazi. Mimi nilipaka, mama alisahihisha, na kila kosa langu lilikuwa na hadithi yake. Kipaji cha uso kilikuwa kikubwa mno. Basi nikaambiwa jinsi alivyokuwa akikifuta kwa mkono kila anapofikiri. Masikio nilikosea mara nyingi kupita kiasi, na kwa masikio yale nilijua jinsi alivyokuja kumposa mama akiwa amekata nywele vibaya, yamesimama kama mishikio ya chungu, na babu akamkubali kwa kumwonea huruma. Hakuna aliyekuwa akimhesabia marehemu sifa. Tulikuwa tukirekebisha makosa tu.

Alhamisi jioni ilibidi kuficha. Shangazi angevumilia tapentaini, lakini uso wa mtu angeuchoma. Alikuwa ameshasema kwamba mwenye kuchora kiumbe ataambiwa siku ya kiama akipulizie roho, na mimi nilikuwa na hofu nyingi siku zile kiasi kwamba hiyo niliiweka akiba. Mama akaniambia niikunje turubai niitie nyuma ya sanduku la nguo. Nikaikunja.

Shangazi alipoondoka Jumamosi nikaitoa kwa pupa, nikaikunjua. Ikalia kama majani makavu. Chokaa ilikuwa imekatika kila mahali ilipopinda, na baba alimwagika sakafuni vipande vipande: kipande cha kofia, kipande cha shavu, jicho lile dogo. Kitambaani palibaki madoa. Nililia hata majirani wakadhani kuna msiba wa pili. Mama alinishika mkono, akanipa ufagio.

"Zoa. Kisha paka chokaa, tuanze tena."

Tukaanza tena. Pua ile ile, lakini safari hii hadithi nyingine, kwa kuwa ile ya mlango nilikwisha kuijua. Alhamisi tukakunja, Jumamosi baba akamwagika. Nilianza kuchoka, jamani. Mikono ilinipasuka kwa chokaa, mdomo uliwaka kwa miswaki, na mtoto hapendi kazi isiyobaki. Nikafunga safari hadi dukani kwa Bwana Taibali nikamweleza. Alicheka hata akashika meza.

"Chokaa ni ya ukuta, binti yangu," akasema. "Ukuta hausogei. Kitambaa hukunjwa." Akanieleza kwamba turubai hupakwa gundi nyepesi kwanza, ikikauka hupakwa rangi nyeupe ya mafuta, na hapo unaweza kuikunja mpaka uchoke. Akanipa vipande vya gundi ya maseremala nikavichemshe, na kopo dogo la rangi nyeupe.

Nilirudi nikiruka. Nilimwekea mama gundi mapajani, nikamweleza yote kwa pumzi moja: sasa baba atabaki, hatamwagika tena, tutamkunja na kumkunjua tutakavyo. Mama aliishika gundi, akaigeuza, akainusa. Kisha akaifunga ndani ya kitambaa akaiweka chini ya mto.

"Chokaa yatosha."

"Itabanduka tena, mama."

"Ikibanduka tutaanza tena. Kwani wewe wenda wapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni ubishi wa binti wa fundi chokaa asiyetaka kushindwa na muuza misumari. Niliendelea kupaka kwa sababu niliona anakula, na kwa sababu usiku pumzi yake sikuhitaji tena kuisikiliza, alikoroma. Kadiri wiki zilivyopita mkono wangu ulipata akili. Nilijua kuanza na giza nikaja kwenye mwanga, nilijua kuacha rangi ikauke kabla ya kuirudia, nilijua kwamba kivuli cha pua si cheusi. Uso wa mwisho, nauapia, ulikuwa baba. Mama hakusahihisha chochote. Aliutazama tangu adhuhuri hadi alasiri, kisha akasema, "Ndiye," basi.

Ijumaa iliyofuata eda ilikuwa inamalizika. Wanawake wangekuja kumwogesha, kumvalisha nguo mpya na kumfukiza udi. Alhamisi jioni nilimshika mama magoti. Nilimwomba tusiikunje, tuifiche imelala bapa chini ya mkeka, chini ya godoro, popote. Aliniambia nishuke nikatazame maji jikoni. Niliporudi nilimkuta yeye mwenyewe anaikunja. Alikuwa akiikunja polepole, kama mtu anayekunja mkeka wa mgeni aliyekwisha kwenda, na nilisikia chokaa ikikatika. Alipomaliza aliikunjua, akaipeleka dirishani, akaikung'uta juu ya kitala. Vumbi jeupe likashuka kwa paka.

Nilimchukia mama usiku ule. Nasema wazi, kwa kuwa hayupo na mimi pia sina muda mwingi. Alitoka eda amenawiri, akaishi miaka mingi, akashona, akafundisha mabinti kushona, akamtaja marehemu alipotaka bila kumwogopa mtu akohoe. Turubai ilifunika kuni. Nami sikupaka picha nyingine tena. Kila nilipojaribu nilisikia ile sauti ya kukatika, nikachoka kabla ya kuanza. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mara moja kwa nini alikataa gundi. Alinijibu kwamba mambo mengine ni ya zamani, na kwamba chai yangu inapoa.

Mume wangu alifariki miaka michache iliyopita, na nikakaa eda yangu. Watoto wangu ni wema. Walitafuta picha ya baba yao, wakaipeleka ikakuzwa, wakaitia kioo na fremu ya dhahabu, wakaitundika mbele ya kiti changu ili nisiwe mpweke. Alikuwa amevaa suti ya harusi ya watu, kola imembana, anatazama mbele. Kila mgeni aliyeingia aliitazama akasema masha'Allah, ni yeye hasa, kisha akageukia habari za joto na za bei ya unga. Hapakuwa na la kuongeza. Ilikuwa kamili, na kila nilipofungua mdomo kumsema, watu walitazama ukutani wakatikisa vichwa, kana kwamba alikwisha kujieleza mwenyewe. Wiki ya tatu nilijiona nakigusa chakula kwa vidole vitatu.

Hapo ndipo nilipomjua mama yangu. Aliyefua kanzu za fundi chokaa tangu utoto ndiye asiyejua kwamba chokaa haikai juu ya kitambaa? Alijua tangu birika la kwanza. Hakutaka uso wa baba ubaki. Alitaka nikosee, alitaka nimuulize, alitaka kila Jumamosi turudi mwanzo, kwa sababu picha ikisimama maneno yangekwisha, na maneno ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Siku yalipomtosha, aliikung'uta mwenyewe.

Nilimwita binti yangu mkubwa, nikamwambia aiteremshe picha aigeuzie ukutani. Alidhani nimekasirika, au akili imeanza kuniacha. Nikamwambia aketi, aniulize baba yake alikuwaje.

"Mama, kwani mimi simjui baba?"

"Mwanangu, niulize tu."

Akaketi shingo upande, akaniuliza. Nikasema mpaka sauti ikanikauka.